Mwaka Tulioishi Chini ya Bwawa

Nilikata mnada wa kanisa katikati. Sikupanga. Tulikuwa nje, Moshono, ibada imeisha, watu wamesimama duara juani kama Jumapili zote: aliyeleta mkungu wa ndizi, mkungu unanadiwa, aliyeleta kuku, kuku anainuliwa miguu juu watu waone uzito, mayai kwenye trei, maziwa kwenye galoni, parachichi kwenye ndoo. Siku hiyo katikati ya duara palikuwa na beseni la bluu lenye perege wa kwanza kutoka kwenye bwawa la Mzee Elisante. Walikuwa bado wanapiga mikia, na mnadi alikuwa amewasifia mpaka jasho linamtoka. Mzee Elisante alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa pia mwenye nyumba wangu. Bwawa lake lilikuwa juu shambani, chumba changu kilikuwa chini ya shamba hilo. Neema alikuwa mgongoni kwangu, anatafuna pindo la kanga. Mnadi akapaza sauti, "Nani anaongeza? Samaki wa Bwana hawa, wamelelewa kwa maji ya Meru!" Mimi nikasema, "Hao samaki wanakaa juu ya kichwa cha mwanangu."

"Mama, hujataja bei," mnadi akasema, na watu wakacheka.

"Sinunui. Nasema wanakaa juu ya kichwa cha mwanangu. Ukuta umevimba, maji yako nyuma yake, na ninyi mnapiga makofi."

Nikasikia mtu nyuma yangu, "Huyu uzazi umempanda kichwani." Mwingine, "Mwache bwana, ana mtoto mchanga." Mchanga! Neema alikuwa ameshaanza kutambaa. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga mkononi. Nikalifungua, nikalipindua mezani kando ya trei ya mayai, na wadudu wa chumbani kwangu wakamwagika, wa kijivu, wengi, wakakimbilia kivuli cha trei. Wanawake waliokuwa mbele waliruka. "Yelewii! Nini hicho?" Mama mmoja alipandisha sketi mpaka magotini kama anavuka mto. Mzee Elisante hakuruka. Alinisogelea taratibu, suti yake ya kahawia, Biblia kwapani, akatabasamu lile tabasamu la kumpa mtu pole. "Binti yangu, hapa ni nyumbani kwa Bwana. Kama una malalamiko, andika." Maneno hayo alikuwa ameshaniambia nyumbani, kwa sababu alijua wapangaji hawaandiki. Wapangaji wanahama.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita Zuhura alinipigia simu kutoka Pangani, akasema mama yake, jirani yangu wa wakati ule, amefariki na wameshamzika. Nilikuwa nakata vitunguu. Niliweka kisu chini nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kitu cha kwanza kunijia hakikuwa uso wa marehemu wala sauti yake. Nilikumbuka wadudu. Ningekuwa msibani nikasema hivyo wangenitoa nje. Neema yuko darasa la tatu sasa, anaandika jina lake kwenye kila kitu, hata kwenye sabuni. Akaniuliza, "Mama, unalia kitunguu au unalia kweli?" Nikamwambia kitunguu. Watu wananiambia hasira hupoa na miaka. Yangu haijapoa, na sitaki ipoe, kwa sababu kila nikiona mtoto huyu anaandika jina lake naona pia ule ukuta.

Ile nyumba ilikuwa vyumba vinne kwenye mstari mmoja, milango yote ikitazama uwanja wenye bomba na kamba ya nguo. Chumba cha kwanza alikaa Mama Zuhura, cha pili mimi, viwili vya mwisho wanafunzi wa chuo waliokula mikate mikavu na kucheka mpaka jioni. Nyuma ya vyumba palikuwa na ukingo wa udongo, umezuiwa na ukuta wa mawe meusi, yale mawe ya mlima ambayo huku kila mtu anajengea. Ukuta huo ulikuwepo tangu enzi za kahawa, kabla Moshono haijawa mji. Mzee Elisante alipoamua kupangisha hakuona sababu ya kujenga ukuta mwingine. Akaegemeza vyumba kwenye ule ule, akaupiga lipu, akapaka rangi ya maziwa. Kwa hiyo ukuta wa nyuma wa chumba changu, ule ambao kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu nao, ulikuwa umeshika shamba zima. Chini karibu na sakafu kulikuwa na matundu yaliyoachwa na waliojenga, na chini ya matundu kimfereji kidogo cha saruji kilichopita sakafuni mpaka nje mlangoni. Siku ya zamu ya Mzee Elisante ya kufungulia shamba lake maji ya mfereji, ambayo ilikuwa Alhamisi, matundu yale yalidondosha. Unafagia maji yako, maisha yanaendelea. Nilipoingia nilikuwa na mimba ya miezi saba, na nilifurahia sakafu ya saruji kama nimepewa hoteli.

Neema akazaliwa, na mama yangu mdogo akaja kunipikia mtori kwa mwezi mmoja. Naukumbuka ule mtori kuliko ninavyokumbuka uchungu wa kuzaa: ndizi zimepondwa mpaka zimelainika, nyama ya mfupa, samli juu, na mimi nimekaa kitandani mgongo umeegemea ukuta kwa sababu ukuta ulikuwa baridi na mgongo wangu ulikuwa unawaka. Ndipo nilipowaona mara ya kwanza. Mmoja alitoka kwenye tundu, akapita ukutani karibu na bega langu, miguu mingi, mgongo wa magamba yaliyopangana kama bati za nyumba, ukubwa wa punje ya haragwe. Nilipiga kelele mpaka mama mdogo akamwaga bakuli. Jina lao silijui hata leo. Sisi wa ile nyumba tuliwaita vifaru, kwa ajili ya ile ngozi. Ukiinua ndoo, vifaru. Ukiinua kandambili, vifaru. Mama mdogo aliporudi kwake alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usiwaache wakamwingie mtoto masikioni," akaondoka na kuniachia hofu ambayo sikuwa nayo alipokuja. Kuanzia hapo nilikuwa naziba masikio ya Neema kwa pamba kila akilala, kisha nazitoa pamba nikiogopa hasikii, kisha naziba tena.

Mama Zuhura alikuwa anakaanga vitumbua asubuhi mlangoni kwake, na watu wa mtaa mzima walikuja na sahani. Alikuwa mtu wa Pangani, mpana, mcheshi, ameletwa Arusha na ndoa ambayo ilishakufa akabaki na biashara. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake namnyonyesha Neema, kifaru mmoja akapita karibu na jiko la mkaa. Nikanyanyua mguu nimponde. Akanizuia kwa kijiti cha kugeuzia vitumbua.

"Acha. Hawa kwetu wapo."

"Pangani?"

"Kwenye miamba ya pwani. Wa kwetu warefu zaidi, wana mikia miwili nyuma, wanakimbia kama mtu kamwona mdai wake. Hawa wenu wazito, wamekula ndizi." Akamgeuza yule mdudu kwa kijiti, tumbo juu. "Tazama basi."

Nikatazama. Tumboni, kati ya miguu, alikuwa na kifuko cheupe, na ndani ya kifuko vitoto vidogo kama chembe za unga vinatikisika. Nikamvuta Neema karibu. Sijui kwa nini. "Kabeba," nikasema.

"Kabeba. Kama wewe." Akamgeuza tena, yule mdudu akaenda zake. "Hawaumi, mwanangu. Waume nini, wanakula takataka zilizooza. Ila wana ajabu yao. Hawataki kukaa mbali na maji, na hawataki kuingia majini. Tulipokuwa watoto tukiokota kome miambani, tulikuwa tunawatazama wao. Maji yakitaka kujaa, wanapanda. Ukiwaona wamepanda wote kwa pamoja, unachukua kikapu chako. Hungojei kuambiwa."

Nikacheka. "Na huku watapanda wakimbie nini? Hatuna bahari."

Akageuza kitumbua, akakitazama. "Ndiyo, hamna," akasema.

Bwawa lilichimbwa baada ya Pasaka. Mzee Elisante alitangaza kanisani kwamba atafuga perege, na mavuno ya kwanza yote yatakwenda kwenye bati za kanisa jipya, na watu wakampigia vigelegele, mimi nikiwemo. Vijana wa kwaya walikuja na majembe wakachimba wakiimba. Tulisikia nyimbo zinatoka juu ya paa letu. Hawakuweka plastiki chini, hawakuweka saruji. Walichimba udongo, wakashindilia kwa miguu, wakafungulia mfereji. Kila Alhamisi, badala ya maji kwenda kwenye mboga, yalikwenda bwawani. Na matundu ya chumbani kwangu yakaacha kudondosha, yakaanza kutiririka. Vifaru wakawa hawahesabiki. Nilikuwa nawafagia asubuhi na kizoleo cha takataka kinajaa. Nilipokwenda kulalamika mara ya kwanza nilimkuta Mzee Elisante na mke wake wanakula loshoro ya maziwa ya mgando barazani. Nilisalimia shikamoo, nikaitikiwa, nikakaribishwa bakuli. Nilikula huku naeleza. Mke wake akasema kwa upole kabisa, "Mtoto akikojoa mama asipofua haraka, wadudu huja." Nilimeza loshoro yangu. Nikiwa natoka getini nikasikia Mzee Elisante anamwambia mtu kwenye simu, "Hawa wapangaji wa siku hizi! Kwa mdudu tu, anataka mbunge aitwe."

Lakini alifanya kitu. Siwezi kusema hakufanya. Alikuja na fundi na mfuko wa saruji, wakaziba matundu yote ya vyumba vyote vinne, moja baada ya jingine, wakayasugua yakawa laini. "Mlango wao nimeufunga," Mzee Elisante alisema, akipangusa mikono. Tulipiga makofi. Sakafu ilikauka siku ile ile. Wanafunzi wa chuo wakahamishia magodoro chini kwa raha. Mama Zuhura akagawa vitumbua vya bure. Mimi nililala mchana na Neema, mlango umefungwa, bila pamba masikioni, na nikamwombea Mzee Elisante maisha marefu. Nikifikiria leo, hakuna mtu kwenye ule uwanja aliyeuliza swali dogo kuliko yote: yale maji yaliyokuwa yanatoka, sasa yanakwenda wapi? Juu wanajaza kila Alhamisi, chini tumeziba. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nilijifunza mpaka mgandamizo wa vimiminika ubaoni, na nikapiga makofi na wenzangu.

Ukuta ulianza kutoa jasho. Kwanza madoa ya rangi ya chai chini, yakapanda mpaka usawa wa mto wangu, kisha usawa wa kalenda. Kalenda ikalowa ikaanguka. Lipu ikavimba kama ngozi iliyoungua, ukibonyeza inarudi. Harufu ikawa ile ya gunia la viazi lililosahauliwa. Vifaru walirudi, sasa hawatokei chini, wanatokea kwenye nyufa za juu ambazo hazikuwepo. Halafu kikaja kitu cha kitanda. Kati ya kitanda na ukuta niliacha nafasi, kwa sababu Neema alikuwa anaangusha vitu nyuma na mimi naingiza mkono mzima mpaka bega navitoa. Siku moja kiliangukia kijiko chake. Nikaingiza mkono, ukaishia kwenye kiwiko. Nikadhani nimenenepa. Juma lililofuata uliishia kwenye kiganja. Nikasukuma kitanda mbele, nikafagia, nikakirudisha. Baada ya muda nikaona miguu ya kitanda imekwangua mistari myeupe kwenye saruji, kuelekea mlangoni, na hakuna mtu aliyekisogeza.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu ambaye hajaishi na ukuta namna ile. Woga wa mwizi una saa zake, woga wa ugonjwa una dawa zake. Huu ulikuwa unakaa nami mezani. Nilikuwa napika mlango wazi, sikio moja kwenye sufuria, jingine ukutani. Nilijifunza sauti zake: kulikuwa na mlio mdogo kama mtu anavunja kijiti, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilichokuwa kinanitoa jasho. Nilikuwa namlaza Neema kwenye kapu la nguo karibu na kizingiti ili nikikimbia nimbebe na kapu lake. Nilikuwa naoga kwa haraka, sabuni masikioni, nikiita "Neema! Neema!" na yeye anajibu kwa kelele zake, na akichelewa kujibu natoka na taulo. Maziwa yalianza kupungua. Nesi kliniki akaniuliza kama ninagombana na mume. Mume! Baba Neema alikuwa Mererani, anashuka shimoni kutafuta mawe, na mimi nampigia simu kumwambia mawe yananitafuta.

"Vumilia," alisema. "Kodi ya miezi sita tumeshatoa. Unataka mkaishi wapi kwa ajili ya vidudu?"

"Siyo vidudu, baba Neema. Ni ukuta."

"Ukuta wa mawe? Ule umejengwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Utatuzika sote."

"Ndicho ninachoogopa," nikamwambia, akakata simu akidhani natania.

Nilimfuata Mzee Elisante bwawani. Alikuwa anawamwagia samaki pumba, na maji yanacheza midomoni mwao. Nikasimama pale ukingoni nikaangalia chini nikaona bati la chumba changu, karibu kabisa, ningeweza kulitemea mate. "Mzee, ukuta umevimba." Akasema ukuta si mtu, hauvimbi. Nikamwambia njoo uone. Akaja. Hilo nalo siwezi kumnyima, alikuja, akiwa na wazee wawili wa kanisa. Akaweka kiganja kwenye lipu, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa muda mrefu dhidi ya wadudu waharibifu, dhidi ya tunutu na madumadu, na roho ya hofu inayowaandama kina mama wachanga. Kiganja chake kilipotoka ukutani kilikuwa kimelowa mpaka kwenye kifundo, akakipangusa kwenye leso. Tulisema amina. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, kwa sababu wakati ule ningekubali hata maombi, ilimradi yaubebe ule ukuta mpaka asubuhi. Akiwa mlangoni akageuka. "Chumba kinataka hewa na usafi, binti yangu. Na kama bado una malalamiko, andika."

Kisha ikaja ile Alhamisi ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha ile inayokata vidole, mlima umefunikwa na mawingu tangu juzi yake. Maji ya zamu yalifunguliwa asubuhi. Nilikuwa bombani nafua nepi, Neema, kapu limeshakuwa dogo kwake, ameamka kitandani amezungukwa na mito, namsikia anaongea na dari. Mama Zuhura aliniita. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mama Neema. Njoo utazame mlango wako." Wakati ule ule nikawaona. Walikuwa wanatoka chini ya bati, juu kabisa ukuta unapokutana na paa, vifaru wakubwa na wadogo, wanapita kwenye mbao, wanateremka kwenye fremu ya mlango, wanavuka kizingiti, wanatoka nje mchana kweupe, wao ambao hukimbia mwanga. Hawakuwa wanatawanyika kama siku zote. Walikuwa wanahama. Niliwaruka nikaingia. Neema alikuwa anacheka, mkono juu, anaonyesha; mmoja alikuwa anamtembea shavuni, na nyuma yake lipu ilikuwa imefunguka mstari mrefu, ninaona jiwe jeusi linang'aa kwa maji, na jiwe lilikuwa limesogea kwangu kama mtu aliyeinama kusikiliza. Sikumfukuza yule mdudu. Nilimbeba mtoto na yeye akiwa shavuni.

Nilipotoka Mama Zuhura alikuwa ameshakung'uta mkaa, ameshika kikapu chake.

Kwa siku tatu tulilala kwenye jiko la nje upande wa pili wa uwanja, mimi, Neema na Mama Zuhura, kwenye majivu na baridi, mtoto akaanza kukohoa. Wanafunzi wa chuo walitucheka. "Mama Zuhura, mmekuwa wakimbizi wa wadudu?" Akawajibu, "Cheka, baba, cheka. Meno yatabaki." Waliendelea kulala ndani, na hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi baada ya Neema kuwa salama: kila mlio wa kijiti niliusikia kwenye chumba chao. Jumamosi jioni Mzee Elisante akapita na beseni la bluu kwenda kuvua. Akatuona pale jikoni. "Mnanitia aibu," akasema. "Kesho watu watakuja kuona bwawa baada ya ibada. Rudini ndani." Hakuuliza kikohozi ni cha nani. Basi ile Jumapili nikajaza vifaru kwenye kopo, nikamfunga Neema mgongoni, nikaenda kanisani, na mengine nimeshayasema.

Nilipomwambia mbele ya watu, "Haya mzee, nitaandika," alitikisa kichwa kwa huruma na mnada ukaendelea. Samaki walinunuliwa. Mama Zuhura, ambaye si wa kanisa lile wala kanisa lolote, alikuwa amesimama barabarani ananisubiri. Asubuhi ya Jumatatu tulikaa kwenye benchi lake, yeye anakoroga unga wa vitumbua, mimi na karatasi.

"Andika na wadudu," akasema.

"Siwezi kuandika wadudu kwenye barua ya serikali."

"Kwa nini? Ndio mashahidi. Wewe ulimwambia mzee, hakusikia. Ukuta ulimwambia, akaufanyia maombi. Wao ndio walioondoka."

Nikajaza kopo upya, nikaenda na barua na mtoto kukaa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akaja mchana ule ule, na nondo. Alitoboa saruji ya tundu moja tu chumbani kwangu, na maji yakaruka mpaka yakampata kifuani. Wanafunzi walihamisha vitu vyao wakiwa hawacheki. Bwawa lilifunguliwa upande wa mfereji, na kabla halijaisha kukauka ukuta wa chumba changu ulilala juu ya kitanda changu, polepole, mawe na udongo na mizizi ya migomba, na perege mmoja. Hakukuwa na mtu. Mzee Elisante hajanisemesha tangu siku hiyo, na kanisani husema nilimrudisha nyuma Bwana kwa bati kadhaa. Sawa. Barua ninayo nakala yake, Mama Zuhura alisema niitunze, na kwa sababu sikuweza kusimama kaburini kwake naiweka hapa jinsi nilivyoipeleka.

*

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Moshono, Arusha.

YAH: LALAMIKO KUHUSU BWAWA LA SAMAKI LILILO JUU YA VYUMBA VYA KUPANGA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mpangaji wa Mzee Elisante, chumba cha pili kutoka getini. Mzee amechimba bwawa juu ya ukuta wa mawe ambao ndio ukuta wa nyuma wa vyumba vyetu. Matundu ya kutolea maji ameyaziba. Maji yanaingia kila Alhamisi na hayatoki. Ukuta umesogea na umesukuma kitanda changu. Nimemwambia barazani, nimemwambia bwawani, nimemwambia kanisani. Ameniambia niandike. Nimeandika.

Silalamikii kanisa, wala bati, wala samaki. Nalalamika kwamba watu wanalala chini ya maji. Naomba bwawa lifunguliwe kabla ya Alhamisi hii, na wanafunzi wa vyumba vya mwisho watolewe leo, wao hawajui kuogopa. Mimi sirudi ndani. Nimekaa kwenye benchi la ofisi yako na mtoto wangu mpaka utakapotoka kwenda kuona.

Kiambatanisho: kopo moja la wadudu waliouhama ukuta huo, wakiwa hai. Tafadhali lifunguliwe kivulini, na ndani libaki lile tambara la maji. Baadhi yao wamebeba watoto.